Kizazi cha Sita na cha Nane

Kama inaingia, nani kaikataza?

Hilo ndilo swali aliloniuliza Mwalimu mbele ya wateja, dukani kwa Shangazi, Msambweni, akiwa ndiyo kwanza ameilaza prosesa mpya, ule ubongo wa kompyuta, mahali pake kwa ncha za vidole. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kazi yangu Nairobi ilikuwa kukagua madai ya bima, yaani nalipwa ili nisiamini watu, na sikuwa na jibu. Nilichojua ni kwamba orodha ya watengenezaji ilisema prosesa ile haikubaliani na bodi ile, yaani ule ubao mkubwa ulio ndani ya kompyuta ambao kila kifaa huchomekwa juu yake. Kwa nini zisikubaliane, hali vipimo vyake ni sawa na zinashikana bila kulazimishwa, sikujua. Mwalimu aliliona pengo hilo usoni mwangu kabla sijafungua mdomo. Alikuwa amefundisha hisabati maisha yake yote. Aliijua sura ya mtu aliyekariri jibu bila kujua njia.

Namwita Mwalimu kwa sababu kila mtu humwita hivyo, hata waliomzidi umri. Alinifundisha sekondari, akastaafu, akafungua chumba cha kutengeneza kompyuta Ukunda, si mbali na Kona ya Musa, kati ya duka la vipuri vya pikipiki na mama muuza viazi karai. Hoteli za Diani zilipobadilisha kompyuta za mapokezi, zile za zamani zilimfikia yeye. Alizifungua, akazisafisha, akazichanganya, akaziuza kwa shule, misikiti, makanisa na maduka ya kupiga chapa. Kompyuta ya Shangazi ilitoka kwake. Ubavuni ilikuwa bado na kibandiko cha hoteli kilichomwomba mgeni arudishe taulo ya ufukweni.

Ukiingia kwake ilibidi usalimie. Siyo kupunga mkono. Siku moja nilimkuta kijana wa bara, mfanyakazi wa hoteli, ameweka kompyuta juu ya meza na kusema, "Mzae, hii compe ina-hang tu. Niangalizie haraka, niko job."

Mwalimu aliendelea kukaza skrubu. Kijana akarudia. Mwalimu akaniuliza mimi, "Binti, wewe umesikia mtu akisalimia hapa?"

"Sijasikia, Mwalimu."

"Hata mimi. Nilidhani masikio yangu."

Kijana akacheka kwa aibu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Huko kwenu mvua imenyesha? Haya. Kwanza, kompyuta haihang'i, inakwama. Pili, umeidharau."

Hilo nalo lilikuwa jambo. Kwa Mwalimu, maradhi ya kompyuta yalikuwa mawili tu, chumvi na dharau. Chumvi ni hewa ya bahari, inayokula shaba mpaka ikawa kijani. Dharau ni kuweka kikombe cha chai juu ya mashine, kuizima kwa kuchomoa waya, kuipiga kofi. Ukimletea kompyuta yenye kasoro nyingine yoyote, angeisukuma kwa subira mpaka iingie katika mojawapo ya haya mawili. Nilipomwambia kwamba kuna virusi, kuna diski zilizochoka, kuna programu mbaya, alinijibu kwamba virusi ni matokeo ya dharau. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba mara nyingi ilikuwa chumvi kweli. Angesugua kwa mswaki na spiriti, angepuliza, na mashine ingewaka, naye angenitazama bila kusema neno. Ningependa angesema neno. Ningepata la kujibu.

Alisoma gazeti zima, mpaka matangazo ya mashamba yanayopigwa mnada. Alisahihisha Kiswahili cha watangazaji wa redio kwa sauti, kana kwamba wangemsikia. Lakini karatasi ya maelezo iliyokuja na kifaa aliitumia kufunikia chai. "Aliyeandika hii," alisema, "hajaiona mashine hii." Nilimwambia kwamba aliyeandika ndiye aliyeiunda. "Basi ameiona ilipokuwa mpya," akasema. "Mimi naiona leo."

Na huyu ndiye mtu aliyekuwa akinipa sufuri darasani kwa jibu sahihi. Ukiandika jibu bila hatua, alichora duara jekundu na kuandika pembeni: njia iko wapi? Nilimchukia kwa swali hilo na baadaye nikalibeba maisha yangu yote. Ninapokaa na faili la mtu anayedai gari lake liliungua lenyewe, ninachomuuliza ni hilohilo. Aliuchukia udanganyifu wa mtihani kuliko wizi wa kuku. Alishawahi kuwarudisha kidato kizima wafanye upya jaribio kwa sababu wawili walikosea kwa namna moja. Sasa mtu huyohuyo akifika kwenye kompyuta anakuwa na majibu matupu. Inaingia, inakaa. Ukimuuliza njia anakupa ukoo.

Ukoo ndio uliokuwa ugonjwa wake yeye. Kila kifaa alikipa undugu. Kile kisanduku kinachogawa umeme alikiita mjomba, kwa sababu ndiye anayelisha nyumba na hashukuriwi. Vipande viwili vya kumbukumbu vilivyolingana vilikuwa mapacha, na visivyolingana vilikuwa wake wenza. Wateja walimpenda kwa hili. Mama mmoja wa Kinondo alinieleza kwa furaha kwamba mjomba wa kompyuta yake amefariki ila wa kuazima ameshapatikana. Nilitaka kumsahihisha. Nikaona nitasahihisha pwani nzima.

Shangazi naye alimwamini bila kipimo. Duka lake liko mkabala na lango la hospitali. Hupiga chapa, hutoa nakala, na zaidi ya yote huwajazia watu maombi ya serikali kwenye mtandao: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, nafasi za kazi. Maombi hayo yaliendelea kuwa mazito na kompyuta iliendelea kuwa ileile. Ukibonyeza, unangoja. Ukingoja sana, ukurasa unakutoa na unaanza upya. Ng'ambo ya barabara lilikuwa limefunguliwa duka lingine lenye mashine mpya, na Shangazi alikaa kwenye kiti chake akiwatazama wateja wake wakivuka barabara, mmoja baada ya mwingine, wakimwamkia kwa adabu wanapompita. Hakuwa na shughuli nyingine. Duka lile ndilo lililonisomesha nusu ya chuo.

Mwalimu alimwambia asinunue kompyuta nzima, abadilishe prosesa tu na bodi ibaki. Ushauri mzuri, kwa kweli. Zamu yake ya kupokea pesa za chama ilipofika, Shangazi akaagiza Mombasa prosesa yenye nguvu aliyotajiwa na Mwalimu kwa simu. Muuzaji alimwambia wazi kwamba ikishatoka haipokelewi tena. Nilipokuja likizo ya Idi nikaikuta mezani ndani ya kisanduku chake, na Mwalimu akingojewa kuja kuifunga siku ya mwisho wa likizo yangu.

Nilifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye shaka angefanya. Nilifungua ubavu wa kompyuta, nikaifuta bodi vumbi, nikaipiga picha nambari yake, nikaitafuta kwenye ukurasa wa watengenezaji. Kuna mambo machache ya kuuliza kabla ya kununua, na yote yameandikwa pale bure. Je, tundu la bodi lina umbo moja na prosesa? Lilikuwa nalo. Je, bodi inavijua vizazi gani vya prosesa? Ilivijua cha sita na cha saba. Ya Shangazi ilikuwa ya kizazi cha nane. Je, ile programu ndogo ya kuwashia iliyomo ndani ya bodi ina toleo jipya linaloitambua prosesa hii? Halikuwapo, wala halikutarajiwa.

Mwalimu alipofika nikamwamkia, nikamwonyesha simu. Hakuitazama. Aliangalia bodi.

"Mwalimu, hii ni ya kizazi cha sita na cha saba. Hiyo ni ya nane."

"Sita na nane," alisema. Akafikiri kidogo. "Basi ni babu na mjukuu."

"Hapana, sicho..."

"Ngoja. Sita ndiye babu. Saba ndiye baba. Nane ni mjukuu. Baba na mwana ndio wanaogombana nyumba moja. Babu na mjukuu wanataniana, wanakula sahani moja. Muulize Shangazi yako nani alikudekeza wewe."

"Babu yake," alisema Shangazi kutoka kwenye mashine ya nakala.

"Umesikia."

"Mjukuu wangu mimi huniita mke mwenzake," alidakia bibi mmoja aliyekuwa akingoja nakala ya kitambulisho. "Ananinyang'anya mpaka kitanda. Babu yake anacheka tu."

"Mwalimu," nilisema, "hilo ni neno tu. Wangeweza kuita toleo. Wangeweza kuita awamu. Hakuna aliyezaliwa pale."

"Lakini hawakuita toleo. Waliita kizazi. Wana akili zao."

"Waliita kwa Kiingereza."

"Kwani Waingereza hawana babu?"

Bibi yule alicheka mpaka akajishika kifua. Nilimgeukia Shangazi, nikamwambia tusiifunge, tutafute bodi inayokubali kwanza. Shangazi alinitazama mimi, akamtazama Mwalimu, na nikaona jinsi mizani ilivyolala. Mimi ni mtoto aliyefunzwa naye kufunga viatu. Ndipo Mwalimu akafungua kikomeo cha chuma kinachofunga tundu, akaitoa prosesa ya zamani, akailaza mpya, nayo ikakaa mahali pake kimya kama iliyopimwa. Akainua macho, akaniuliza lile swali lake la nani kaikataza.

Shangazi akabonyeza. Feni ikazunguka. Ikasimama. Ikazunguka tena, ikasimama tena. Kioo kilibaki cheusi.

"Chumvi," alisema Mwalimu.

Sijui niliweka wapi mikono yangu. Nakumbuka nilitoka nje nikasimama barabarani, kwa sababu ningebaki ndani ningemkosea adabu mtu aliyenifundisha kugawanya. Niliporudi, Shangazi alikuwa anamwambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, aliyeniuzia haipokei tena." Alikuwa anaikunja leso yake ya kujitanda, anaikunjua, anaikunja. Mwalimu aliichukua leso ileile, akaifungia mashine ndani yake, akasimamisha bodaboda. "Kesho asubuhi," alisema.

Asubuhi nilikuwa na mkoba wangu mlangoni, tayari kwenda kupanda treni, nikipanga moyoni nitamtumiaje Shangazi pesa za bodi mpya bila kumvunjia heshima. Bodaboda ikasimama. Mwalimu akashuka na mashine mapajani, akaiweka mezani, akachomeka waya mmoja mmoja bila haraka, akatuachia nafasi ya kutazama. Akabonyeza. Ikawaka. Haikuwaka tu, ilikimbia. Ukurasa wa maombi ambao ulikuwa unakula nusu ya asubuhi ulifunguka kabla Shangazi hajavaa miwani.

"Haiwezekani," nilisema.

"Lakini imewaka."

"Umefanya nini?"

"Nimeisafisha."

"Mwalimu, njia iko wapi?"

"Wewe si unaliona jibu?" alisema, na hapo ndipo aliponicheka, mara moja, kwa pua.

Nilitaka kuifungua palepale. Shangazi alisimama mbele yake kama mtu anayelinda mgonjwa. "Mashine inafanya kazi. Usiniguse mashine yangu. Treni itakuacha." Tayari mtu alikuwa anaingia na barua ya kupiga chapa. Nikaondoka.

Kila niliporudi baada ya hapo Shangazi alinikatalia kwa maneno yaleyale. Nilimsihi kwa simu anisomee nambari ya bodi, akaniambia ana wateja, na ilikuwa kweli. Walikuwa wamevuka barabara tena, kurudi upande wake. Mwalimu aligeuka hadithi. Watu wa Ukunda walisimulia kwamba aliwasha mashine iliyokataliwa na mtandao. Kijana wa kuosha magari Diani alinieleza mimi, mimi mwenyewe, kwamba kulikuwa na msichana msomi aliyebishana na Mwalimu na kufungwa mdomo. Nilimuuliza alimwona wapi msichana huyo. Akasema hakumwona ila anajulikana.

Jibu la swali lake nililipata polepole. Umbo la tundu ni lilelile, lakini baadhi ya vile vijipande vya kupitishia umeme vilibadilishiwa kazi kati ya kizazi na kizazi. Kilichokuwa kikipeleka umeme hapa sasa kinautarajia pale. Na programu ya kuwashia haina habari na mgeni aliyekuja, hivyo haimfungulii. Aliyekataza ni mtengenezaji, na kuna wanaosema alikataza zaidi ya ilivyohitajika ili tununue bodi nyingine. Nilifurahi siku hiyo. Nilimpigia Mwalimu simu, nikamweleza hatua kwa hatua, na njia yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Mwalimu husikiliza vizuri, hilo lazima niliseme.

"Hapo umeeleza," akasema. "Sasa, mbona iliwaka?"

Mwenzangu ofisini aliniambia kwamba bila shaka nilisoma nambari vibaya. Nikamwonyesha ile picha, ninayo kwenye simu mpaka leo. Nambari inasomeka. Nimeikuza, nimeigeuza. Kuna nyakati nilianza kudhani kwamba ukaguzi wangu wote una tundu mahali nisipopaona, kwamba nimewanyima watu fidia zao kwa orodha ambazo hazijaiona mashine ya leo. Mtu mmoja aliyekataa kunionyesha hatua zake alinitia shaka ambayo chuo kikuu kizima hakikunitia.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa mwaka huu, kwake Matuga. Nilikuwa nimetumwa Kwale kukagua dai la lori, nikapitia kumwamkia. Alikuwa amefunga kile chumba cha Ukunda. Anatunga mitihani ya hisabati kwa watoto wanaofundishwa nyumbani kwake jioni. Nilimkuta barazani na rula na penseli, anachora pembetatu kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine.

"Mwalimu, kompyuta yako iko wapi?"

"Ipo." Alionyesha ndani kwa penseli. Kioo kilikuwa juu ya meza, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kuna chombo cha maua ya plastiki.

"Haifanyi kazi?"

"Inapumzika."

"Niifungue niione?"

"Kunywa chai."

Nikasema ni aibu, fundi wa kompyuta wa Kusini nzima kuchora pembetatu kwa rula kama karani wa zamani. Akasema rula haili chumvi. Nikasema anaikaidi mashine kama anavyokaidi kila kitu. Akanisukumia karatasi, akaniambia nimkagulie kazi badala ya kupiga kelele. Niliikagua kwa hasira, na nikapata kosa: pembetatu moja pembe zake hazikujumlika sawasawa. Nikamwonyesha. Aliitazama kwa muda, akahesabu kwa midomo, akachukua kifutio.

"Umepata," alisema. "Vizuri."

Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akisema neno hilo kwangu bila kuongeza swali. Nikangojea swali. Adhana ya alasiri ikaanza, akainuka akatafuta kofia yake. Aliponisindikiza mpaka barabarani hakunigusia ile kompyuta. Mimi ndiye niliyeianza, nikamweleza tena habari za umeme na programu ya kuwashia, tukiwa tumesimama juani, naye akasema ndiyo, ndiyo, hivyo ndivyo, mpaka gari likaja.

Mtihani ule ulipelekwa na mkewe kutolewa nakala dukani kwa Shangazi, siku mke huyo alipokuwa na miadi hospitali ya Msambweni. Akiwa anangoja aliweka kiganja juu ya kompyuta, akauliza kama ile bodi ya nyumbani kwao imewahi kusumbua. Shangazi akamuuliza bodi gani. Ndipo tulipojua kwamba bodi ile ya hoteli haikuwaka na prosesa mpya hata mara moja: jioni ile Mwalimu alifika nyumbani na mashine ndani ya leso, akatafuta orodha mtandaoni, akaisoma yote, kisha akafungua kompyuta yake mwenyewe aliyokuwa akitungia mitihani, akaing'oa bodi yake, iliyokijua kizazi cha nane, akaifunga kwenye ya Shangazi.